Mmoja Alipewa Karatasi, Mwingine Akaambiwa Asubiri: Waskoti na Wasalvador wa Marekani

Wakubwa zangu shikamooni, na wadogo zangu hamjambo. Dada yenu wa Tanga huyu hapa. Leo niko ndani ya gari, nimeegesha nje ya dobi la mashine hapa Langley Park, Maryland. Nguo zinazunguka huko ndani, nina kama dakika arobaini, na kuna jambo limenikaa rohoni tangu Jumapili.

Jumapili mdogo wangu wa Korogwe, mtoto wa mama mdogo, alinitumia sauti kwenye WhatsApp. Shikamoo dada, habari za huko, kisha akaingia kwenye lake. "Dada, mbona unakaa mtaa wa Wasalvador? Nasikia hao kazi yao ni kudeki na kupaka rangi. Nimesoma kuwa Waskoti walifika Marekani hawana kitu wakawa matajiri, hawa wako huko miaka arobaini bado wanadeki. Kuna watu wamezaliwa na akili ya pesa, wengine hawakuzaliwa nayo."

Ni kijana mwenye adabu, na najua hakusema kwa ubaya. Ila ile sauti niliirudia mara tatu, kwa sababu mimi nadeki na hao watu. Mwaka wa tano huu naingia zamu ya jioni kwenye maofisi ya Washington, na zamu nzima, ukinitoa mimi na kaka mmoja wa Ethiopia, ni Wasalvador. Kwa hiyo mdogo wangu, jibu lako hili hapa, na wengine msikilize.

Nianze na hesabu nisije nikaonekana naficha kitu. Watu wenye asili ya El Salvador, nchi ndogo ya Amerika ya Kati, hapa Marekani ni kama milioni 2.5, na nchi yao yenyewe ina watu kama milioni 6. Wamejaa Los Angeles, Houston, Long Island kule New York, na huku kwetu Maryland, Virginia na Washington. Katika watu wazima wao, mwenye digrii ni takribani mmoja kati ya kumi, wakati kwa Marekani nzima ni mmoja kati ya watatu. Kazi zao ni ujenzi, usafi, jikoni kwenye mikahawa, kukata nyasi. Waskoti nao, wanaojiandikisha kwamba asili yao ni Uskoti wanapita milioni 5, na kwa elimu na kipato wako juu ya wastani wa nchi. Hapo mdogo wangu hajakosea.

Waskoti hata sisi si wageni kwetu. Livingstone yule wa Ujiji alikuwa Mskoti, mtoto wa kiwanda cha pamba, alianza kazi ana miaka kumi. Wakenya mnaonisikiliza, Thogoto pale Kikuyu jina lenyewe limetokana na hao wamisionari wa Kanisa la Uskoti, wenyeji walivyolitamka.

Sasa huyo tajiri anayetajwa kila mara ni Andrew Carnegie. Alizaliwa Dunfermline, Uskoti, mwaka 1835. Baba yake alikuwa mfumaji, anafuma kwa mkono nyumbani kwake. Zikaja mashine za mvuke, kazi ya mkono ikafa, njaa ikaingia ndani. Mwaka 1848 wakakopa nauli, wakapanda meli wote wanne mpaka Allegheny, Pennsylvania, ambako mama alikuwa na dada zake waliotangulia. Wakapewa vyumba viwili bila kodi. Mtoto ana miaka kumi na tatu akaingia kiwandani kwa dola 1.20 kwa wiki. Mwaka 1901 huyohuyo akauza kampuni yake ya chuma kwa dola milioni 480.

Hadithi hiyo ni ya kweli na mimi naiheshimu. Lakini kuna kipande watu wanakiruka. Alitokaje kiwandani akaingia ofisi ya telegrafu, pale alipokutana na wenye pesa? Mume wa mama yake mdogo alikuwa akicheza drafti na meneja wa ofisi hiyo. Meneja akauliza, unamjua kijana mzuri wa kupeleka simu? Yule baba mdogo akasema ninaye. Basi. Na kipande cha pili ndicho kinachonigusa zaidi: siku familia ile inashuka melini mwaka 1848, hakuna aliyewauliza viza. Sheria ya uraia ya Marekani tangu 1790 ilikuwa inamtaka mtu awe huru na awe mweupe, na baadaye ikataka akae miaka 5. Carnegie alikuwa na umaskini wake wote, lakini karatasi hakuwahi kuitafuta usiku na mchana kama tunavyoitafuta sisi wabeba boksi.

Tena Waskoti wengine walifika vibaya kuliko Carnegie. Mwaka 1650 Cromwell, jemadari wa Waingereza, aliwapiga kwenye vita vya Dunbar hukohuko Uskoti, akawachukua mateka maelfu. Kama 150 kati yao walipakiwa kwenye meli iliyoitwa Unity, wakaletwa Massachusetts na kuuzwa kwa utumishi wa miaka. Wengine wakapelekwa kuyeyusha chuma Saugus, wengine kupasua mbao kaskazini huko. Watu waliouzwa, mdogo wangu! Lakini muda ulipokwisha waliachiwa, na wengi wakapata ardhi. Mwaka 1657 Waskoti wa Boston wakaunda chama cha kusaidiana, na chama hicho kipo mpaka leo. Ndicho wanachofanya Wasalvador sasa hivi, kila mji wa nyumbani una kamati yake huku, wanachangishana barabara, zahanati, uwanja wa mpira, kama tunavyochanga sisi msiba ukitokea. Tofauti ni kwamba wale walianza kuchanga miaka zaidi ya 300 kabla ya hawa, na muda wao wa utumishi ulikuwa na mwisho.

Nisogee mbele mpaka 1930. Msichana wa miaka kumi na minane, mtoto wa mwisho kati ya kumi, anatoka kisiwa cha Lewis kaskazini mwa Uskoti. Kwao ni uvuvi na vijishamba, nyumbani wanaongea Kigaeli, Kiingereza amekutana nacho shuleni. Anapanda meli Glasgow, anashuka New York, kazi yake kwenye karatasi ni mtumishi wa nyumbani. Dada zake wametangulia. Anafanya kazi za ndani, anaolewa 1936, anapata uraia 1942. Jina lake Mary Anne MacLeod, na mwanawe ni Donald Trump.

Wakati huo kulikuwa na sheria ya mgao, iliyopitishwa 1924. Kila nchi ilipewa idadi ya watu wake kwa mwaka. Uingereza, pamoja na Uskoti, ilipewa 65,721. Tanganyika je? Ilikuwemo kwenye orodha, nayo ilipewa 100. Ruanda na Urundi kwa pamoja, 100. Nilipoiona ile orodha mara ya kwanza nilikaa kimya muda mrefu. Tulihesabiwa kabla hata bibi yangu hajaolewa, na mezani tukawekewa 100.

Kwa haki, nchi za Amerika ya Kati hazikuwa kwenye mgao huo. Mwaka 1930 Msalvador hakuwekewa idadi. Idadi kwa upande wao ilianza 1968. Na ilipofika miaka ya 1980, pale walipohitaji mlango kuliko wakati wowote, mlango ulikuwa umeshabanwa.

Hapo ndipo mama mmoja Msalvador wa zamu yangu anapoingia. Jina lake silitaji, mwenyewe ameniruhusu kusema haya. Mwaka 1980, tarehe 24 Machi, Askofu Mkuu wa San Salvador, Óscar Romero, alipigwa risasi akiwa altareni anaadhimisha misa. Mama huyu alikuwa mtoto, anakumbuka mama yake alivyozima redio na kupiga magoti. Vita ya wenyewe kwa wenyewe ikaendelea miaka 12, watu kama 75,000 wakafa. Desemba 1981 jeshi liliua mamia ya wanakijiji pale El Mozote, wengi wao watoto. Na jeshi hilo lilikuwa linapewa pesa na mafunzo na Marekani, mabilioni ya dola katika muongo ule.

Sasa fikiria. Unakimbia jeshi, unakwenda kuomba hifadhi kwa yuleyule anayelilipa. Akikukubali, anakiri kwamba rafiki yake anaua watu. Katika miaka ya 1980 maombi ya hifadhi ya Wasalvador yaliyokubaliwa yalikuwa chini ya 3 kati ya 100. Kwetu Tanzania tulipokea Warundi kwa maelfu mpaka Kigoma ikajaa, mnajua mkimbizi wa vita anavyofanana. Hawa waliambiwa si wakimbizi, wanatafuta kazi tu.

Mwaka 1986 Marekani ikatoa msamaha kwa wasio na karatasi, ila uwe umeingia kabla ya Januari 1982. Wengi wao vita iliwatoa baada ya hapo. Mwaka 1990 ikaja hifadhi ya muda, ile tunayoiita TPS, na Wasalvador ndio wa kwanza kuipata, miezi 18. Mwaka 2001 matetemeko mawili ya ardhi yakaibomoa nchi yao, Januari na Februari, wakapewa tena. Mama wa zamu yangu ni wa kundi hilo la 2001. Kundi hilo limefika kama watu 200,000.

Na hapa mdogo wangu sikiliza vizuri, kwa sababu ndiyo habari yenyewe ya pesa. TPS inakupa kibali cha kufanya kazi. Haikupi grini kadi, haikupi uraia, haikusogezi hata hatua moja kuelekea huko. Kila mwaka au mwaka na nusu unalipa ada, unapiga alama za vidole upya, unasubiri tangazo. Nani atakukopesha mkopo wa nyumba wa miaka 30 wakati karatasi yako inaisha baada ya miezi 18? Wengine wamethubutu na wamenunua, na mimi nawavulia kofia. Nani ataacha mshahara wa kudeki akasome miaka minne, hajui mwaka wa tatu atakuwa nchi gani? Mume wa huyu mama ni fundi wa kuezeka, mikono yake ni dhahabu. Alitaka kufungua kampuni yake 2018. Januari mwaka huohuo serikali ya Trump ikatangaza kwamba TPS ya Wasalvador inakoma. Akaacha. Mahakama zikazuia, muda ukaongezwa, ukaongezwa tena. Mwongezo wa Januari 2025 ulifikisha tarehe 9 Septemba 2026. Mtu aliyeingia ana miaka 25, nywele zimeshaota mvi, bado ni wa muda.

Warundi na Wanyarwanda, nyie mnaijua. Rwanda ilipewa TPS mwaka 1994, Burundi 1997, na ya Burundi ikafutwa 2009. Kuna Warundi walioishi miaka kumi na zaidi kwa tarehe.

Utaniambia, dada, lakini Waskoti walikuwa na bidii. Walikuwa nayo. Sasa nenda West Virginia na Kentucky, milima ya Appalachia. Humo wamejaa wajukuu wa Waskoti waliopitia Ireland ya kaskazini, wamekaa humo zaidi ya miaka 200. Wana karatasi, ni weupe, jina la ukoo linaanza na Mac, na baadhi ya wilaya zao ni miongoni mwa zile maskini kabisa Marekani nzima. Makaa ya mawe yalichimbwa kwa migongo yao, faida ikaondoka na wenye kampuni. Kama akili ya pesa ingekuwa kwenye damu, ingewasahauje hao?

Na bidii, mdogo wangu, usinifundishe bidii ya Wasalvador. Wasalvador walikuwa mstari wa mbele katika mgomo wa wasafishaji Los Angeles, Juni 1990. Polisi waliwapiga virungu mtaa wa Century City, na mwishowe mkataba ukasainiwa. Mshahara wa msafishaji wa maofisi ulipopanda, walionufaika si wao peke yao. Mwaka 2023 walituma nyumbani zaidi ya dola bilioni 8, karibu robo ya pato la nchi yao. Huyo mama anadeki ghorofa tatu, na mwanawe wa kwanza amemaliza uuguzi mwaka jana. Amezaliwa hapa, yeye karatasi anayo.

Kuna kitu kimoja sikukijua mpaka aliponieleza yeye. Wasalvador wa Washington hawakuanza na vita. Miaka ya 1960 mabalozi na wakubwa wa serikali walileta wanawake kutoka Amerika ya Kati kufanya kazi za ndani. Shangazi yake alikuwa mmoja wao. Alikuja kupika na kulea watoto wa watu, kama yule msichana wa Lewis. Tangu hapo nikimwona mama wa zamu yangu anakunja kitambaa chake mwisho wa zamu, nawaona wale wanawake wawili, mmoja New York, mmoja Washington, kila mmoja na ndoo yake, na mtoto wa mmoja anasaini karatasi ya watoto wa mwenzake.

Mashine imesimama, naona taa yake hapa. Warundi mliopitia TPS, niandikieni mlivyoishi siku ilipofutwa, nitasoma moja moja. Mdogo wangu wa Korogwe, nipigie kesho mchana wa kwenu, nikupe huyu mama muongee. Kiswahili hajui, lakini shikamoo nimeshamfundisha na kuiitikia pia.