Sijambo, Daktari

(Mazungumzo na wafanyakazi wa mbao na chai, ukumbi wa kanisa, Mafinga)

Kamwene, wanyalukolo. Naona leo mmekaa mmebanana. Najua si upendo, ni baridi. Nimepewa dakika arobaini na nitajitahidi zitoshe. Wanaonijua wameshaanza kucheka.

Habari ya makato ya NSSF, mfuko wetu wa hifadhi ya jamii, sitaigusa. Asilimia 10 yako na 10 ya mwajiri mnaziona kila mwezi kwenye karatasi ya mshahara, na kelele zake tunazijua. Leo nina mtu mmoja tu: yule aliyekatwa kipande cha nyama cha kupimwa, majibu yakarudi, akaambiwa ni saratani, na kesho yake anatakiwa kazini saa moja na nusu.

Tuanzie chumba cha daktari. Umepanda basi alfajiri, umeteremka mlima Kitonga roho mkononi, umelala kwa shemeji Dar es Salaam, asubuhi uko kwenye benchi pale Ocean Road, hospitali ya saratani. Jina linaitwa, unaingia. Daktari anauliza, "Hujambo mama?" Unajibu, "Sijambo, daktari." "Dawa zinaendaje?" "Tunamshukuru Mungu, naendelea vizuri."

Unaendelea vizuri! Usiku kucha umetapika kwenye beseni la shemeji. Vidole vimekufa ganzi tangu dripu ya tatu, kijiko hukishiki. Lakini umelelewa Mufindi, huwezi kumlilia mgeni asubuhi asubuhi. Daktari naye ana foleni hadi mlangoni. Anaandika alichoambiwa: mgonjwa anaendelea vizuri.

Miezi sita baadaye jopo la madaktari linaletewa faili lako ili liseme kama unastahili pensheni ya ulemavu. Wewe watakuona dakika chache, tena umevaa shati la kanisani. Faili watalisoma. Na faili lote, ukurasa hadi ukurasa, linasema unaendelea vizuri. Nani kakunyima? Umejinyima mwenyewe kwa salamu.

Mtu pale nyuma anatikisa kichwa. Anasema moyoni, mama huyu anatufundisha kudeka. Hapana. Salamu itikia, ndivyo tulivyolelewa. Ukishaitikia, vuta pumzi, useme: "Daktari, salamu hiyo ilikuwa ya adabu. Sasa ngoja nikueleze ninavyoumwa." Msicheke, kuna dada wa kwenye chai alisema hivyo hivyo nilivyomfundisha. Daktari akacheka, kisha akavuta kiti, akaandika ukurasa mzima.

Kwa nini nalishikilia hili? Kwa sababu sheria haiulizi jina la ugonjwa. Watu wengi wanadhani neno saratani lenyewe linafungua mlango. Halifungui. Kinachoulizwa ni kama umepoteza angalau theluthi mbili ya uwezo wako wa kujipatia kipato. Karani mwenye saratani anaweza kuendelea na kazi yake ya mezani. Mchuma chai mwenye saratani hiyo hiyo, aliyekatwa titi na mkono ukavimba, hawezi kubeba kikapu. Kwa hiyo barua ya daktari inayosema "ameshauriwa apumzike" haina nguvu, maana kupumzika kuna mwisho. Mwombe aandike kazi yako ni ipi na nini kimekushinda: hanyanyui ndoo ya lita 10, hasimami nusu saa, baada ya kila dripu analala siku nne, hafungi kifungo cha shati. Daktari hajui kazi ya kupanga mbao ikoje. Mwambie.

Sasa kifungo cha shati kimenikumbusha yule baba, na hapa ndipo dakika zangu huishia kila mara.

Alikuwa mtu wa msumeno, kiwanda kimoja cha mbao huku kwetu, miaka tisa kazini. Saratani ya koo la chakula. Mimi wakati huo nilikuwa katibu wa tawi la wafanyakazi, nina meza na muhuri, najiona. Akaja jioni, kofia mkononi, akaniambia, "Mama, sitaki wenzangu wanibebee zamu. Niandikie barua ya kuacha kazi." Nikamuuliza sababu tuweke ipi. Akasema ugonjwa usitajwe, ni aibu. Nikaandika, kwa mwandiko huu huu mzuri mnaousifia: anaacha kazi kwa hiari yake, kwa sababu za kifamilia. Akasaini. Akanishukuru! Siku iliyofuata aliniletea debe la viazi.

Angalieni tulichofanya jioni ile, mimi na yeye. Alikuwa na likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 kwa mshahara kamili na 63 kwa nusu mshahara. Hakuigusa hata siku moja. Alikuwa na michango ya miezi 108. Pensheni ya ulemavu inataka michango 180, au walau 36, na katika hiyo, 12 iwe ya karibu kabisa kabla ya ulemavu. Angeomba akiwa bado kazini, hesabu ilikuwa imekaa sawa. Yeye akaondoka, akaenda kwenye mionzi, akarudi, akalima kidogo, akaanguka. Ikapita miezi kumi na minne ndipo mkewe akaanza kufuatilia. Dirishani wakamuuliza: aliacha kazi kwa sababu gani? Akatoa barua. Sababu za kifamilia. Yule mama hakuwa na karatasi hata moja iliyounganisha kule kuondoka kwa mumewe na ugonjwa.

Akaulizia na fao la upotevu wa ajira. Hilo nalo halimhusu aliyeacha kazi mwenyewe.

Hakupata. Mpaka leo nikipita karibu na nyumba ile nazunguka njia ya juu.

Utaniuliza, na mwajiri akiniambia niandike? Wapo wanaosema hivyo kwa upole kabisa, "Andika tu, nenda kapumzike, tutakuangalia." Usiandike. Akitaka kukuondoa kwa sababu ya afya, zipo kanuni za mwaka 2007 zinazomtaka kwanza aangalie ukubwa wa ugonjwa, azungumze na wewe, atazame kama kuna kazi nyepesi unayoiweza. Hiyo ni kazi yake, usimrahisishie. Akikuachisha bila utaratibu, una siku 30 tu za kupeleka mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Siku 30 za mgonjwa ni kidogo, kwa hiyo mtume ndugu mapema.

Na yule anayesema kuomba pensheni ni kula pesa ya ugonjwa, laana: pesa ile ulikatwa wewe, ukiwa mzima, kila mwezi. Nenda kachukue taarifa ya michango leo, kabla ya kuugua, uone kama waliokukata waliipeleka. Wengine hapa watashangaa.

Naona mchungaji anaangalia saa. Haya, mbio mbio.

Vumbi la mbao. Shirika la Afya Duniani, kupitia chombo chake cha utafiti wa saratani, limeliweka kati ya visababishi vya saratani, hasa ya pua na mianya yake. Mtu wa msumeno akipata hiyo, asiishie kwenye pensheni ya ulemavu, aulize Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ambao mchango wake anatoa mwajiri peke yake. Mwaka mmoja usipite kabla ya taarifa kutolewa. Hili lilitaka mkutano wake, na barakoa hamvai, nawaona.

Vibarua wa dingdong, zile mashine ndogo za kupasua mbao, na wakulima: kama hamchangii popote, yote niliyosema hayawagusi, na hilo linanikera kuliko mnavyodhani. Mnaweza kujiandikisha wenyewe NSSF kama waliojiajiri. Ile asilimia 2 ya halmashauri kwa watu wenye ulemavu ni mkopo, inarudishwa, asikudanganye mtu. TASAF, ule mfuko wa kaya maskini, nilitaka kuieleza, lakini basi.

Jambo la mwisho kabla ya chai. Kila mara nikimaliza, kuna mtu hubaki amekaa mpaka ukumbi uishe, kumbe ana barua mfukoni ambayo hajaipeleka. Kama yupo leo, aje nayo hapa mbele. Sitaisoma kwa sauti. Kalamu ninayo, na safari hii nitauliza ugonjwa kwanza.