Jabal Akhdar: Sikupanda Kutamba

Asalaam aleikum jamani. Nimewasha kamera kwa sababu kila nikishika simu swali ni lile lile: "Kwani Oman si jangwa? Hayo mawaridi na hilo sweta umetoa wapi?" Na wengine: "Juzi unalia hela, leo uko milimani." Mlima wenyewe ni Jabal Akhdar, huku huku Oman. Nisikilizeni basi.

Gari tulichanga watu wanne. Pale Birkat al-Mawz, mji wa chini ya mlima, kuna kizuizi cha polisi, na gari lisilo fowili, yaani lisilovuta kwa magurudumu yote manne, halipandi, kwa hiyo kukodi ni ghali. Usukani alishika mwenzetu mwenye leseni ya huku. Yangu bado nahangaika nayo: leo wanataka tafsiri, kesho muhuri, na kila karatasi ina malipo yake. Bosi wangu wa kwanza aliondoka na mishahara yangu ya miezi miwili, sijasahau. Halafu mtu ananiambia natamba!

Nilipanda kwa ajili ya bibi yangu, Pemba. Siku ya maulidi alikuwa akishika mrashi na kuturashia marashi ya mawaridi mmoja mmoja. Sasa huku juu, uwanda wa Saiq, mita kama 2,000 kutoka usawa wa bahari, nimeona yanavyopikwa. Mwezi wa nne wanachuma maua alfajiri, kabla jua halijayachoma. Wanayatia kwenye chungu juu ya moto, ndani wanaweka bakuli, juu wanafunika kwa chombo cha maji baridi. Mvuke ukigusa ule ubaridi unarudi matone, tone, tone, ndani ya bakuli. Yanatoka na harufu ya moshi. Ndiyo ile ile ya bibi! Nililia, siwafichi.

Na mashamba yao ni ngazi za mawe kwenye ukingo wa bonde, maji yanashuka kwa falaji, yaani mifereji yao ya kumwagilia, kila mtu na zamu yake. Mkiona makomamanga yanayolimwa humo, kumbukeni ndege za Waingereza, waliokuwa upande wa Sultani, zilivipiga mabomu vijiji hivi na mifereji yake, Imamu Ghalib, kiongozi aliyempinga Sultani, na watu wake walipojificha huku kuanzia 1957. Januari 1959 askari wa Kiingereza wakapanda usiku, mlima ukatekwa. Watu wakajenga tena, jiwe kwa jiwe.

Mnaouliza kama mje Oman kufanya kazi: mimi siwezi kumwambia mtu njoo wala usije. Mkataba wangu si wako. Chupa moja nimemnunulia mama, natafuta wa kumpa aifikishe Wete.