Kisutu, dirisha na sauti ya bibi: anachokiona mtoto mchanga

Shikamooni wazee, na wenzangu hamjambo. Leo nazungumza na waliojaliwa mtoto juzi juzi, hasa mliofungiwa ndani na baridi huku ughaibuni, na mabibi na mashangazi mnaowapigia simu kutoka nyumbani. Midoli ya kuwaka taa iacheni dukani kwanza. Chukueni kisutu, au kanga yoyote iliyokolea weusi na weupe.

Mtoto wa wiki ya kwanza huona vizuri zaidi kitu kilicho sentimita 20 hadi 30 kutoka machoni pake. Chukua rula upime: ndiyo nafasi iliyopo kati ya uso wake na uso wa mama anaponyonya. Zaidi ya hapo kila kitu ni ukungu. Zile rangi hafifu za nguo za vichanga hazimvuti. Kinachomshika ni pale giza linapokutana na mwanga, na pindo la kanga limejaa mipaka ya namna hiyo.

Msubiri anyonye, acheue, nepi iwe kavu. Kuna muda atabaki macho wazi, mikono imetulia, halii wala hasinzii. Kwa kichanga ni dakika chache tu, basi kanga iwe karibu. Mlaze mapajani, mwanga wa dirisha umpate kwa ubavu. Kunja kanga ibaki upana wa kiganja, ishike sentimita 25 hivi, usiitikise. Hesabu taratibu hadi kumi. Midomo itaacha kuchezacheza, miguu itatulia, kisha macho yatatua kwenye pindo na kubaki pale. Ni jambo dogo sana, na mimi naliona ni kubwa kuliko yote yatakayotokea nyumbani siku hiyo. Sasa isogeze polepole kuelekea bega lake. Macho yatafuata kwa kurukaruka, yatapotea, yatarudi. Kufuata bila kukatika huja akikaribia miezi 3.

Wengi hukosea kwa haraka: kanga inapita kabla macho hayajatua, au televisheni inapiga kelele nyuma. Akigeuza uso, akipiga miayo, akipata kwikwi au akitanua vidole, amechoka. Usimfuate na kanga upande aliogeukia. Hana njia nyingine ya kusema inatosha. Na mkimaliza, kanga itoke kitandani kabisa. Mtoto hulala chali, kwenye godoro gumu na bapa, bila mto wala nguo iliyolegea ya kuweza kumziba pua.

Macho yakienda makengeza mara moja moja miezi ya mwanzo, msiogope, misuli bado inajifunza. Jicho likibaki limepinda muda wote, au mboni ikionekana nyeupe kwenye picha ya simu, mpelekeni kwa daktari bila kungoja.

Tabasamu la kujibu uso wa mtu huja kati ya wiki ya 6 na ya 8. Aliyezaliwa njiti, hesabuni kuanzia tarehe aliyotarajiwa kuzaliwa.

Sasa mabibi. Mnapiga simu ya video, mtoto anatazama dari, mnasononeka. Si kwamba mtoto hawapendi ninyi. Uso wako kwenye simu ni mdogo kama ndimu, na mara nyingi simu inashikwa mbali naye. Sauti ndiyo njia yenu. Masikio yake yalianza kazi tangu tumboni, na sauti ya mama aliijua kabla ya kuzaliwa. Yako ataizoea kwa kuisikia kila siku. Wazazi, wekeni simu spika, sauti ya chini, mbali kidogo na sikio. Bibi, imba wimbo uleule, kwa Kiswahili chako cha siku zote, ubeti mmoja, kisha nyamaza kidogo umpe nafasi. Akiwa ananyonya, mara nyingi ataacha kwa sekunde kadhaa, ziwa lipo mdomoni, macho yameganda. Ukisikia kimya upande wetu, usikate simu. Anakusikiliza.