Redio ya Sebuleni: Muziki Ujae Hata Ukiwa wa Chini

Karibu mtazamaji. Leo tunaipanga redio ya sebuleni iimbe vizuri usiku, watoto wamelala na jirani hana sababu ya kugonga ukuta.

Kabla hujazilaumu spika, lijue sikio. Muziki ukipunguzwa, besi ndiyo inayotoweka kwanza. Harvey Fletcher na Wilden Munson wa Marekani walilipima jambo hili na kuchapisha matokeo mwaka 1933. Kwa vipimo vya sasa, mlio wa kati wa hezi 1,000 (mitetemo kwa sekunde) ukiwa desibeli 40, ule wa besi wa hezi 100 unahitaji kama desibeli 64 ili usikike sawa nao. Pandisha wa kwanza hadi 80, wa pili unatosheka na takriban 92. Pengo limeshuka kutoka 24 hadi 12! Ndiyo maana gita la besi kwenye rumba linatikisa mchana, halafu usiku hulioni.

Haya, chomoa umeme, geuza spika tuone nyuma. Waya wa alama ya kujumlisha kwenye amplifaya uende kwenye kujumlisha ya spika, pande zote mbili. Spika moja ikipinduliwa, hii inasukuma hewa wakati ile inavuta, besi zinauana. Kagua hata kama alikufungia fundi.

Sasa sogeza spika karibu na ukuta; ukuta unakuongezea besi bure. Zenye tundu nyuma ziachie shubiri moja hivi. Kwenye kona besi inazidi, lakini inavuma kama pipa, mimi siipendi. Twita, zile spika ndogo za milio ya juu, ziwe usawa wa masikio yako ukiwa umekaa, kwa hiyo zishushe kutoka juu ya kabati.

Halafu kiti. Watu wengi wanaipuuza hatua hii, nami naiona kubwa kuliko zote. Kisogeze hadi mita moja na nusu kutoka kila spika, na spika zenyewe zitengane kiasi hicho hicho. Ukikaa karibu unasikia spika zaidi na chumba kidogo. Feni nayo, kama joto linaruhusu, izime. Inameza milio midogo yote.

Washa. Weka wimbo unaoujua vizuri. Amplifaya nyingi, voliumu ikiwa chini kabisa, upande mmoja husikika kuliko mwingine. Punguza sauti kwenye simu inayopiga muziki, kisha panda kidogo kwenye amplifaya mpaka pande zilingane.

Mwisho, bonyeza kitufe kilichoandikwa LOUDNESS. Kazi yake ni kurudisha besi iliyopotea. Huna? Ongeza besi taratibu hadi gita lile lirudi, na milio ya juu iguse kidogo tu. Mwenye sabufa aipandishe kwa uangalifu, maana besi hupenya ukuta kuliko sauti ya mwimbaji.

Kesho mchana ukifungulia muziki mkubwa, kizime hicho kitufe kwanza.