Kumtambua Kipepeo Mchungu na Anayemwiga

Karibu mtazamaji. Masika yakishaanza na magugu yakachanua, vipepeo wa rangi ya machungwa hujaa mashambani na kando ya njia. Wengi wetu huwaona wote ni wamoja, kumbe wapo wa aina mbili. Leo nataka uweze kuwatofautisha bila kumshika hata mmoja.

Wa kwanza ni Danaus chrysippus. Kiwavi wake hula mimea yenye utomvu mweupe, na sumu ya mimea hiyo humbaki mwilini hata akishaota mabawa. Ndege akimwonja humtema. Wa pili ni jike la Hypolimnas misippus. Yeye hana uchungu huo, ila amevaa sare ya mwenzake, na ndege humwacha apite.

Sasa subiri atue. Sogea polepole, na kivuli chako kisimpitie.

Tazama bawa la nyuma. Jibu liko hapa, kwa hiyo tukae kidogo. Danaus ana madoa meusi yaliyoizunguka sehemu ya kati: jike matatu, dume manne. Hilo la nne la dume ni kubwa kuliko mengine, maana ndicho kifuko chake cha harufu. Mwigaji ana doa moja tu, nalo liko ukingo wa juu, ambako bawa la mbele huweza kulifunika. Basi ngoja akunje mabawa, ulitafute kwa upande wa chini. Simamisha video uhesabu mwenyewe.

Halafu fuata ukingo wa bawa kwa macho. Wa Danaus umenyooka, wa mwigaji una mawimbi madogo.

Tafadhali usitegemee ncha nyeusi ya bawa la mbele. Huku Afrika Mashariki wapo Danaus wasio na ncha hiyo kabisa, na wapo wenye bawa la nyuma jeupe, na mwigaji ana sura ya kufuata kila moja! Nilipoanza nilikuwa natumia ncha, na kurasa nzima za daftari langu nikaja kuzifuta.

Dume la Hypolimnas halikupi shida: ni jeusi, lina mabaka sita makubwa meupe yenye kingo za zambarau zinazometameta. Ukiliona linamzungukazunguka kipepeo wa machungwa, mtazame huyo wa machungwa kwa makini, uhesabu tena madoa yake.