Mzoga Kwanza, Ua Baadaye: Kulinda Kondoo dhidi ya Tai, Fisi na Chui

Ndugu wafugaji na maafisa ugani, leo tutaanzia kwenye mzoga. Mfugaji wa Laikipia au Kajiado akimkuta mwanakondoo amekufa na tumbusi wamemjaa, hukumu hutolewa papo hapo. Lakini tumbusi ana miguu dhaifu na kucha butu, hana uwezo wa kumbeba mwanakondoo. Amekuja msibani tu.

Chuneni ngozi ya shingo na mgongo kabla mzoga haujaoza. Palipoumwa mnyama akiwa hai, damu imevilia chini ya ngozi. Palipodonolewa baada ya kufa, hakuna damu iliyovilia. Yule tai mkubwa mwenye tumbo jeupe la madoa huacha matundu membamba yaliyozama mgongoni au kichwani: kucha za mbele upande mmoja, ya nyuma upande wa pili. Bweha hung'ata koo, kisha hufungulia tumbo ubavuni. Chui naye hushika shingo na kuburuta, kwa hiyo tafuteni alama za mburuto. Fisi huacha kidogo sana, hata mifupa huivunja.

Kama ni kichanga, kata kipande cha pafu ukitie majini. Kikizama, huenda hakuwahi kuvuta pumzi. Tazama na kwato: zikiwa bado na ule utando laini wa kuzaliwa nao, hakutembea. Hapo tatizo ni uzazi au lishe ya mama, na ua wa waya hautakusaidia kitu.

Sasa tai wa kweli. Huwinda mchana na hutaka mawindo madogo, hivyo hatari kubwa iko katika wiki za mwanzo za mwanakondoo. Wabakize nyumbani, mama zao wakachunge na kurudi kunyonyesha. Tatizo ni pale kondoo wanapozaa mwaka mzima, maana hakuna familia inayoweza kulinda vichanga miezi 12. Mfungeni dume ngozi tumboni ili asipande, kisha mfungueni kwa siku 34 hivi, yaani mizunguko miwili ya joto. Mimba huchukua takriban siku 150, kwa hiyo mtajua tangu mapema ni wiki zipi za kuweka watu wa ziada. Kondo la nyuma lifukieni. Huita kunguru, na kunguru hudonoa macho ya mtoto ambaye hajasimama.

Usiku ni habari ya zizi. Boma la miiba hukauka, mchwa hula miti yake, na mlangoni mara nyingi husukumwa tawi moja tu. Fisi anaijua njia hiyo. Chenilinki, yaani wavu wa waya, ya mita 1.8 humzuia, mradi sentimita 30 za chini zifukiwe, au wavu ukunjwe kuelekea nje na kulaliwa mawe. Langoni wekeni kizingiti cha gogo au zege. Pengo la chini lisipitishe ngumi. Chui ataparamia ua huo bila taabu, kwa hiyo kizizi cha wanakondoo kiwekewe wavu juu pia.

Waya una kasoro moja inayosahaulika: kondoo humwona adui, hutaharuki, husongamana pembeni na kukanyagana. Wengine hufa bila kuguswa na jino. Pangeni matawi ya miiba upande wa nje ili wasione, na gaweni zizi kubwa kwa kuta za ndani. Kule Simanjiro, Tanzania, nguzo za wavu ni vipande hai vya mti wa komifora, ambavyo huchipua na kuziba ua vyenyewe. Kwa maoni yangu hazina mshindani, kwani haziozi.

Taa za kumetameta alizobuni Richard Turere akiwa bado mtoto, jirani na Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, huwasumbua simba kwa sababu huonekana kama mtu anayetembea na tochi. Zihamisheni mara kwa mara. Na simba aliyezuiwa usiku anaweza kuwafuata kondoo malishoni mchana, kwa hiyo taa hazimwondoi mchungaji mtu mzima.

Sumu msiiguse. Mzoga mmoja wenye kabofurani, dawa ya kuulia wadudu, huua tumbusi kwa makumi, pamoja na mbwa wenu. Mbwa huyo ndiye king'ora chenu: aanze kulala na kondoo tangu akiwa na wiki nane hivi, achanjwe kichaa cha mbwa, na alishwe hapo hapo zizini, la sivyo atafuata chakula jikoni.