Sigara ya Kwanza ya Asubuhi

Ndugu zangu, kuna swali ninalomuuliza kila mgonjwa anayevuta: ukishaamka, zinapita dakika ngapi kabla hujawasha sigara ya kwanza? Idadi ya sigara kwa siku nitaiuliza baadaye. Anayewasha ndani ya dakika 5 ana uraibu mzito, na sababu yake iko kichwani.

Moshi ukivutwa, nikotini hupenya kwenye mapafu, huingia kwenye damu na kufika ubongoni kwa sekunde 10 hadi 20 hivi. Huko kuna vipokezi, yaani vitundu kama vya kufuli kwenye seli za neva, vya kupokea asetilikolini, kemikali ambayo mwili hujitengenezea ili seli za neva ziwasiliane. Nikotini huingia kwenye vipokezi hivyo kama ufunguo wa bandia. Dopamini, kemikali ya ubongo inayoleta hisia ya raha, humwagika, na ubongo hujifunza kwamba jambo hili ni la kurudiwa. Kila mvuto ni somo. Anayemaliza sigara 20 kwa siku, kwa mivuto 10 kila moja, hupata somo hilo mara 200.

Vipokezi vikichokozwa mfululizo huzubaa, na ubongo hujibu kwa kuongeza vingine. Usiku, mvutaji akiwa usingizini, nikotini mwilini hupungua kwa nusu kila baada ya saa 2 hivi. Alfajiri vipokezi vyote, vya zamani na vya ziada, vimezinduka na vimekaa vitupu. Hiyo ndiyo arosto: hasira, wasiwasi, akili isiyotulia. Sigara ya kwanza humtuliza, naye huamini kwamba inampunguzia mawazo, kumbe imetuliza njaa iliyoileta yenyewe. Nalisema hili kwa uchungu, maana nimewaona watu wengi wakilaumiwa kwamba hawana nia.

Tiba nazo hufuata njia hiyo hiyo. Plasta ya nikotini hutoa dawa polepole kupitia ngozi, bila lami wala kaboni monoksidi ya moshi. Ukiongeza chingamu ya nikotini kwa zile dakika ambazo hamu hupanda ghafla, matokeo huwa bora kuliko plasta peke yake. Ila wengi huitafuna kama chingamu ya kawaida, wakameza nikotini pamoja na mate, tumbo likawasumbua. Itafune kidogo, kisha ibane kati ya shavu na ufizi.

Dawa inayonivutia zaidi ilitoka kwenye mmea. Saitisini, inayopatikana kwenye mbegu za mti wa laburnum, ilianza kutumika Bulgaria miaka ya 1960. Huingia kwenye kipokezi na kukifungua nusu tu: arosto hupungua, na mtu akivuta, nikotini hukuta nafasi imekaliwa. Kwa mfano wake wanakemia walitengeneza varenikilini, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2006. Bupropioni, dawa ya sonona, husaidia pia, lakini haimfai mwenye kifafa. Chanjo ya nikotini ilijaribiwa, ikashindwa mwaka 2011.

Arosto huwa kali zaidi wiki ya kwanza, kisha hufifia kwa wiki kadhaa. Vipokezi vya ziada huchelewa kuliko hapo. Huweza kuchukua wiki 6 hadi 12 kurudi kwenye idadi ya mtu asiyevuta. Dozi ya kawaida ya varenikilini ni wiki 12. Mgonjwa akinijia wiki ya tatu akisema amepona na vidonge havihitaji tena, humwomba avimalize.